Jaji Hakuhongwa, Lakini Mbwa Hapumui

Mwaka 2003, mbwa mdogo wa aina ya Pekingese kwa jina Danny alishinda taji kuu la Crufts, yale mashindano makubwa ya mbwa kule Uingereza. Kabla watu watulie, fununu zikaanza: ati huyo mbwa amefanyiwa upasuaji wa kurembesha uso. Kennel Club, wenye mashindano, wakachunguza na kusema hakuna kitu kama hicho. Taji likabaki lake.

Pedigree Dogs Exposed, filamu ya Jemima Harrison iliyoonyeshwa na BBC mwaka 2008, inairudia hiyo kesi kwa swali lingine. Inatuambia upasuaji ulikuwa wa kaakaa, ndio apate kupumua, na kwamba siku ya ushindi alipigwa picha akiwa ameketishwa juu ya barafu asizidiwe na joto. Sasa, kama uso wenyewe haukuguswa, hiyo ni afueni ama ni balaa zaidi?

Hapo ndipo filamu inanishika. Sisi tukisikia uamuzi mbovu tunawaza jaji amepewa kitu kidogo, ama amempa beshte yake. Kwenye mashindano ya mbwa hizo lawama haziishi, maana majaji wengi ni wafugaji pia. Anayekuhukumu leo unaweza kumhukumu kesho. Lakini Harrison anaenda mbali zaidi. Jaji anaweza kuwa msafi kabisa na bado mbwa akaumia. Kazi yake ni kulinganisha mbwa na maandishi yanayosema aina hiyo inafaa kuonekana vipi. Sifa ikiwa ni uso bapa, uso bapa unashinda, na mshindi ndiye kila mtu anataka azalishe.

Sehemu iliyoniuma ni ya wale Cavalier King Charles Spaniel. Wengine fuvu lao ni dogo mno kwa ubongo wao, na maumivu yake si ya mchezo. Tunaonyeshwa bingwa ambaye mwenyewe alishaambiwa na daktari kwamba anao huo ugonjwa, na bado akaendelea kumshindanisha na kumzalisha. Jaji angejuaje? Ugonjwa huo hauonekani kwa kumshikashika mbwa uwanjani.

Sasa niseme ukweli, filamu nayo ina makosa. Inaleta habari za Hitler na Wanazi mahali ambapo picha ya mbwa anayelia ingetosha. Ofcom, wanaosimamia utangazaji Uingereza, walikubali sehemu ya malalamiko ya Kennel Club: hawakupewa nafasi ya kutosha kujibu baadhi ya tuhuma, ikiwemo hiyo ya Wanazi na ile ya kuficha upasuaji wa Danny. Filamu inayodai haki ikamnyima mshtakiwa haki ya kujitetea. Hilo si jambo dogo.

Bado, ilitikisa watu. BBC iliacha kuonyesha Crufts. Mwaka 2012 mabingwa wa aina 15 walilazimika kupimwa na daktari wa mifugo kabla ya kuendelea, na sita wakaanguka, Pekingese na Bulldog wakiwemo. Wenye mbwa wakawaka: jaji ameshaamua, daktari ni nani wa kupindua? Naelewa hasira yao. Umelea mbwa miaka, umefuata kila sheria, halafu mlangoni unaambiwa kile ulichosifiwa ndicho kosa lako.

Lakini hasira hiyo inafaa kuelekezwa kwa walioandika hizo sifa, si kwa daktari. Ukiitazama hii filamu, usihangaike sana na nani alistahili kushinda. Angalia mbwa anavyohema.