Programu za Tanga: ni huria, lakini ziko wapi?

Mtu anayelikumbuka shindano la Global Learning XPRIZE mara nyingi atakumbuka fedha: dola milioni 10 kwa washindi, na Elon Musk aliyelifadhili. Programu zenyewe je? Hebu jiulize kama umewahi kufungua hata moja. Tulipiga makofi shindano likaisha, kilichoshindaniwa kikasahaulika.

Tukumbushane. Kuanzia mwishoni mwa 2017, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Ilitakiwa mtoto ajifunze bila mwalimu na bila intaneti. Chaji ilitoka kwenye jua. Programu zilikuwa tano, na Mei 2019 Kitkit School na onebillion waligawana zawadi.

Kwa nini kioo cha kugusa? Ndani ya kioo hicho kuna nyaya nyembamba zisizoonekana, zenye umeme kidogo sana. Mwili hupitisha umeme, kwa hiyo kidole kikigusa mahali, umeme wa pale unabadilika na kifaa kinajua ni wapi. Mtoto ambaye hajawahi kuona kibodi anaanza papo hapo, anafuata umbo la "a" kwa kidole. Kiswahili nacho kinambeba: tunasoma kama tulivyoandika, na maneno hukatika vizuri kwa silabi, ba be bi bo bu.

Lakini kugusa kuna udhaifu wake. Mpe mtoto picha tatu achague moja. Anaweza kugusagusa tu mpaka apatie, na kifaa kikamsifu. Kidole kinaonyesha alichochagua, hakionyeshi alichoelewa. Ndiyo maana mimi naiheshimu RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ambayo haikushinda. Hiyo ilijaribu pia kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti. Ni kazi ngumu kwa kompyuta, tena kwa sauti ya mtoto, ila swali lake lilikuwa zito: je, huyu anasoma kweli?

Swali hilo lina uzito ukitazama matokeo. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Waandaaji walitangaza kwamba baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni hatua kubwa, maana wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Sasa igeuze namba hiyo: karibu nusu ya watoto walimaliza miezi yote 15 bila kuweza kusoma hata neno moja. Kwa hiyo kazi ilikuwa inaanza, haikuwa imekwisha.

Na ingeweza kuendelea, kwa sababu washindani wote watano walitakiwa kuachia msimbo wao uwe huria. Hapo ndipo penye kasoro ninayoiona. Kitabu ukikiacha kabatini miaka 20, utakifungua na kukisoma. Programu haina uvumilivu huo. Kishikwambi kilichotumika Tanga, Pixel C cha Google, kiliacha kuuzwa mwaka huohuo wa 2017. Android imebadilika mara nyingi tangu hapo. Msimbo usio na mtu wa kuutunza unabaki kuwa huria, ndiyo, lakini unakufa taratibu.

Tazama Malawi. Huko programu ya onebillion, kwa Kichewa, imeingia katika mpango wa serikali na wadau wa kuifikisha shule za msingi nchi nzima. Inaishi kwa sababu ina mwenyewe, bajeti, na mtu wa kuitwa inapogoma.

Kwetu vifaa si kisingizio tena: baada ya Sensa ya 2022, vishikwambi vilivyotumika viligawiwa kwa walimu. Kinachokosekana ni mlezi wa programu, na hilo si lazima litoke wizarani peke yake. Wewe unayesoma kompyuta na unatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, pakua mmoja wa misimbo hiyo mitano. Uwashe kwenye simu ya leo, andika kila kinachogoma, kisha rekebisha kimoja. Halafu mpe mtoto wa jirani, na usimwangalie kidole tu. Mwambie asome kwa sauti.