Dakika Kabla ya Makombe: Jinsi Mega ya Belgrade Ilivyomlea Jokić

Usiku wa drafti ya NBA ya mwaka 2014, klabu moja ya Belgrade ilisikia majina ya wachezaji wake watatu yakitajwa: Nikola Jokić nafasi ya 41, Vasilije Micić ya 52 na Nemanja Dangubić ya 54. Mwaka 2016 wakatajwa wengine watatu, akiwemo Ivica Zubac. Klabu hiyo, Mega, si Partizan wala Crvena zvezda. Haina umati wao wa mashabiki wala kabati lao la makombe. Hata hivyo Micić alikuja kuwa mchezaji bora wa EuroLeague mwaka 2021, na Jokić amekuwa mchezaji bora wa NBA mara tatu: 2021, 2022 na 2024. Hajatokea mwingine aliyechaguliwa chini kiasi kile akaitwaa tuzo hiyo.

Wengi husema ni kipaji. Kipaji kilikuwepo, lakini vipaji hupotea kila mwaka katika kila nchi. Mega ilifanya jambo ambalo klabu nyingi huliogopa: iliweka muda wa kijana kucheza mbele ya matokeo ya Jumamosi.

Jokić alifika mwaka 2012 akiwa na miaka 17, kijana wa Sombor mwenye mwili laini na mpenzi mkubwa wa soda. Wakala Miško Ražnatović, mwenye klabu, aliziona takwimu zake za ligi ya vijana gazetini akaagiza asajiliwe. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kazi ya mwili, si ya mechi kubwa. Hapo ndipo uamuzi wa kwanza wa kiufundi ulipofanyika. Kocha wa kawaida akipewa kijana mrefu na mzito humsimamisha chini ya kikapu: weka kizuizi, gombea ribaundi, ukipata mpira mrudishie mlinzi. Kijana huyo akifika miaka 20 anajua kutumia mabega yake tu, na macho yake hayajafunzwa chochote.

Dejan Milojević, aliyeinoa Mega kuanzia 2012 hadi 2020, hakumfungia Jokić pale. Yeye mwenyewe alicheza karibu na kikapu akiwa na mita 2.01 tu, na bado akawa mchezaji bora wa Ligi ya Adriatic miaka mitatu mfululizo, 2004 hadi 2006. Aliyewashinda watu wanaomzidi kimo anajua thamani ya hatua za miguu, pembe na kuwahi kuona. Jokić akaruhusiwa kupokea mpira juu, karibu na mstari wa mitupo huru, akiwa ameelekea kikapu.

Faida yake inaonekana ukiwatazama mabeki. Mtu mrefu akiwa na mpira pale, beki wake hulazimika kutoka chini ya kikapu kumfuata, na njia ya kati inabaki wazi. Mwenzake akikata kuelekea kikapu, pasi inamkuta. Beki wa pembeni akiingia kuziba, mtupaji wa pointi tatu anabaki peke yake. Uamuzi wote huo huchukua chini ya sekunde moja, na haufundishwi ubaoni. Hufundishwa kwa kuukosea mara nyingi mbele ya watu wazima wanaokuadhibu, huku kocha akikuacha uwanjani ujaribu tena.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa subira. Baada ya drafti, Jokić hakukimbilia Denver, timu iliyomchagua. Alibaki Mega msimu wa 2014/15, timu ikawa mikononi mwake: wastani wa pointi 15.4, ribaundi 9.3 na pasi za mabao 3.5, na tuzo ya mchezaji bora wa Ligi ya Adriatic. Alipotua NBA alikuwa ameshazoea kuibeba timu ya wakubwa.

Na hapa ndipo tabia inapoingia. Makocha wetu hupenda kuijenga kwa hotuba na adhabu za kukimbia. Lakini kijana hujifunza uwajibikaji anapokabidhiwa jambo ambalo wenzake watalipia akilikosea. Hujifunza kutokuwa mchoyo anapochezeshwa mfumo ambao pasi nzuri inathaminiwa sawa na bao.

Mtanzania hawezi kusoma haya bila kumkumbuka Hasheem Thabeet. Alianza kikapu akiwa na miaka 15, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis, juu ya karibu kizazi chake chote. Msimu wa kwanza alicheza takriban dakika 13 kwa mechi, nyuma ya Marc Gasol, na Februari 2010 akapelekwa ligi ya maendeleo ya NBA. Sisemi angekuwa Jokić. Nasema mchezaji aliyeanza kuchelewa alihitaji dakika kuliko yeyote, na nafasi yake ya juu ilimpeleka mahali ambapo dakika zilikuwa adimu na matarajio hayakungoja.

Njia ya Mega ina hatari yake. Klabu inayoishi kwa kuuza wachezaji, na yenye wakala kwenye usukani, inaweza kumwona mtoto kama bidhaa. Vijana wengi waliopita pale hawakufika NBA. Kinga ni kocha anayemjali kijana hata soko lisipomtaka, na familia inayohakikisha masomo hayaachwi.

Yanayobaki hayahitaji mamilioni. Kocha wa vijana Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi anaweza kuamua kwamba kila mchezaji mrefu wa chini ya miaka 18 atadunda mpira, atatoa pasi akiwa ameelekea kikapu na atacheza dakika za mwisho mechi ikiwa ngumu. Anaweza kuandika daftarini dakika za kila kijana, kisha akapimwa kwazo na viongozi wake mwisho wa msimu. Atapoteza mechi kadhaa ambazo angeshinda kwa kuwachezesha wakubwa. Kiongozi wa klabu asiyekuwa tayari kumlinda kocha wake katika vipigo hivyo asiseme ana programu ya vijana. Ana timu ndogo inayotafuta kombe.