Kuchagua Chuma cha Mkokoteni wa Punda

Mzigo unataka fremu nzito, punda anataka fremu nyepesi. Mvutano huo ndio unaoongoza uchaguzi wa chuma cha mkokoteni katika karakana za jua kali za Matiliku na kaunti ya Makueni kwa jumla, Ukambani nchini Kenya, kwa kuwa mitungi ishirini ya maji ya lita 20 tayari ni kilo 400.

Chuma kinachopendelewa ni chuma laini, chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.25 hivi. Ubora wake hujulikana siku gurudumu linapotumbukia korongoni: fremu hupinda, haikatiki. Fundi huinyoosha kwa nyundo, akachomelea palipoachana, na jioni mkokoteni uko njiani.

Springi za magari makuukuu hushawishi wengi. Zina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6 hivi, na zinafaa sana zikifungwa kwa bolti juu ya ekseli. Zikichomelewa kama chuma laini, chuma cha kando ya kiungo hupoa upesi na kuwa kikavu mithili ya glasi, na ufa huanzia papo hapo. Mkono uliochomelea huenda haukuwa na kasoro yoyote. Kosa lilitendeka wakati wa kuchagua.

Chuma chakavu hakina cheti, hivyo fundi hukihoji kwa grainda. Chuma laini hutoa cheche ndefu za manjano, zenye matawi machache. Cha springi hupasuka vijinyota vingi. Chuma cha kalibu, chenye kaboni ya asilimia 2 hadi 4, hutoa cheche fupi nyekundu, na hakifai kabisa kuwa fremu. Tupa huthibitisha: hula chuma laini, lakini juu ya springi hukwaruza kwa shida. Jicho hili la kutambua chuma si geni Ukambani. Wahunzi wa Kikamba walipata chuma kutoka kwenye mchanga mweusi wa mitoni na kuvuta waya wa mikufu. Gerhard Lindblom wa Uswidi aliandika juu ya ufundi wao katika kitabu chake cha 1920 kuhusu Wakamba.

Alumini ina theluthi moja tu ya uzito wa chuma, lakini ukakamavu wake nao ni theluthi moja. Tena ngozi yake ya oksidi huyeyuka karibu nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini ya ndani huyeyuka kwa 660. Mashine ya kuchomelea ya kawaida huitoboa tu. Wengine hutafuta wepesi katika aloi ya chuma: fremu nyingi za magari ya mashindano hutengenezwa kwa mabomba ya chuma chenye kromi na molibdeni. Uzito wa aloi hiyo ni karibu sawa na wa chuma laini. Wepesi hutokana na nguvu inayoruhusu bomba jembamba. Matiliku haihitaji kuiagiza aloi hiyo, kwa sababu umbo la chuma cha kawaida nalo huongeza uimara. Kwa uzito uleule, bomba la mraba hustahimili kusokotwa zaidi kuliko chuma cha pembe kilicho wazi, na barabara yenye mashimo husokota fremu zaidi kuliko mzigo unavyoikandamiza.

Bomba lililopakwa zinki lina hila yake. Likichomelewa hivyo hivyo hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa usiku, kwa hiyo zinki hukwanguliwa kwanza pande zote za kiungo. Kisha ncha za bomba huzibwa na kiungo hupakwa rangi ya kuzuia kutu, maana maji yanayomwagika mitungini huanza kulila siku hiyo hiyo.