Rufaa ya Bangi Isiyo na Pa Kushika

Hapa Bunge lilikosea, na kosa lenyewe lina tarakimu: miaka 30. Kwa Sheria Namba 5 ya 2015 ya Tanzania Bara, inavyosomeka leo, anayetiwa hatiani kwa kulima bangi hapati chini ya hapo, awe na ekari nzima au miche michache nyuma ya jiko. Tokea hapo ile sababu ya rufaa isemayo "adhabu ni kubwa kupita kiasi" imebaki pambo la karatasi.

Tazama rufaa zinavyoendeshwa. Wakili hana la kusema juu ya kifungo, basi nguvu zote anazielekeza kwenye hatia: nani aling'oa miche, nani aliihesabu, hati ya ukamataji ilisainiwa shambani au kituoni, sampuli ilipita mikono ya nani hadi kumfikia Mkemia Mkuu wa Serikali. Na shamba ni la nani hasa? Huku kwetu Makangale, Pemba, shamba la urithi hulimwa na ndugu watano bila hati. Jaji akiona ufa, mtu anatoka huru. Asipouona, miaka 30 iko palepale. Katikati hakuna kitu.

Anayeumia zaidi ni yule aliyesema kweli. Mshtakiwa akikiri bila utata, sheria ya mwenendo wa jinai inamwachia rufaa juu ya adhabu tu, kiasi chake au uhalali wake. Adhabu yenyewe imeshafungwa kwa kima cha chini. Kijana wa kosa la kwanza, aliyekiri siku ya kwanza, anabaki bila mlango. Hili silikubali hata kidogo.

Kuhusu utunzaji wa vielelezo, tangu shauri la Paulo Maduka, lililodai ijulikane kila mkono uliokishika kielelezo, mahakama zimefanya kazi nzuri; lakini hilo linagusa hatia tu, si kipimo cha adhabu.

Majaji wa zamani wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki waliijua kazi ya kupima. Katika shauri la Ogola, 1954, walisema adhabu itaguswa pale hakimu alipokosea kanuni, alipoacha jambo la msingi, au kifungo kilipozidi mno. Kenya, kwa sheria yake ya 1994, mkulima hupigwa faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mimea, au kifungo kisichozidi miaka 20. Jaji wa rufaa pale ana pa kushika.

Zanzibar tuna sheria yetu, Namba 8 ya 2021. Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, siku mtakapoifungua kuirekebisha, kwenye kilimo wekeni kikomo cha juu tu, na jaji mwachieni apime.