Miezi Mitatu na Showmax, Mbagala Rangi Tatu

Niseme mapema ili asiyetaka stori ndefu aondoke na lake: tamthilia za Showmax wenyewe, zile walizozigharimia wao, ni nzuri kuliko nilivyotegemea, na bado sidhani kama zinatosha kumfanya mtu wa huku kwetu alipie kila mwezi. Waigizaji hawana kosa, picha hazina kosa. Tatizo ni lugha, na ni kile kifurushi cha bei nafuu.

Huku kwetu ni Mbagala Rangi Tatu, Temeke, ambako vituo vya mwendokasi vimeshajengwa katikati ya Barabara ya Kilwa na mwaka 2024 mabasi tulikuwa bado tunayasubiri. Februari 2024 yalitokea mambo mawili kwa pamoja. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere uliwashwa, mgao wa umeme ukaanza kupungua. Na Showmax ikazinduliwa upya barani Afrika. Huduma yenyewe si ngeni, ilianza Afrika Kusini mwaka 2015. Kilichokuwa kipya ni mwili: MultiChoice, wenye DStv, waliingia ubia na NBCUniversal ya Marekani, iliyochukua asilimia 30, na programu ya simu ilijengwa upya kwa mitambo inayoendesha Peacock kule kwao. Vifurushi vikawa vitatu. Kulikuwa na cha burudani kwa skrini yoyote, kulikuwa na cha burudani kwa simu tu, na kulikuwa na cha Ligi Kuu ya Uingereza, nacho kwa simu tu. Wanaume wengi wa mtaani kwangu walikimbilia hicho cha tatu na sidhani kama walijua kwamba Showmax ilikuwa na tamthilia. Mimi nilichukua cha pili, kwa sababu ya mfuko.

Sasa hicho cha simu tu, nisiwafiche, kimenipa shida ambayo sikuitarajia. Ninaishi na mama mdogo. Yeye ndiye aliyenilea, na ndiye aliyenifanya nikawa msomaji, maana nilijua kusoma kwa kumsomea hadithi za Eric Shigongo kwenye magazeti macho yake yalipoanza kuchoka. Hadithi ilikatwa palepale mlango unapogongwa, chini pakaandikwa itaendelea, mama mdogo akasonya, na wiki iliyofuata akanituma tena kwa muuza magazeti. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kulipia hadithi kwa vipande ni ustaarabu uliokuja na intaneti. Tumelipia sana.

Na jioni nilikuwa naibia kwenda kibanda umiza. Shilingi mia, benchi la mbao, joto la watu arobaini, na juu ya sauti za Wamarekani au Wachina ilikuwepo sauti ya Lufufu. Wadogo zangu wa siku hizi mnamjua DJ Mark. Lufufu ndiye babu yao. Hakuwa mtafsiri wa neno kwa neno. Alieleza nani ni nani, akampa adui jina la utani, akatuonya kabla mtu hajapigwa risasi, akaweka na lake la mitaani. Filamu ilikuwa yao, hadithi ikawa yake. Tulitoka pale tukiweza kuisimulia upya mwanzo hadi mwisho, na tuliisimulia kweli, njia nzima hadi nyumbani.

Nimeanza huko mbali kwa sababu ya kilichotokea usiku wa kwanza. Niliegemeza simu kwenye chupa ya chai, tukasogeza vichwa, nikafungua *Crime and Justice*.

Hii ni ya mwaka 2021, Showmax walishirikiana na Canal+ ya Ufaransa, na ndiyo iliyofungua mlango wa kazi zao za Kenya. Sarah Hassan ni mpelelezi Makena, Alfred Munyua ni mwenzake, Silas. Kesi mpya kila sehemu, na matatizo yao binafsi yanatambaa chini chini kutoka sehemu moja hadi nyingine. Kwa aliyekulia kwenye riwaya za Elvis Musiba, ni raha ya aina yake kulinganisha. Willy Gamba, tangu *Kufa na Kupona* ya 1974, ni mtu wa peke yake: anasafiri, anapendwa, anapigana, taifa zima liko mabegani mwake. Makena na Silas ni watumishi. Wana bosi, wana mafaili, wana uchovu. Miaka hiyo hamsini imetufanya tusimwamini tena shujaa mmoja, tunaamini kituo cha polisi chenye watu waliochoka. Hapo waandishi walinipata kabisa.

Dakika ya kumi hivi, mama mdogo akanigusa bega. "Baba, huyo anasema nini?"

Nikamweleza. Baada ya muda kidogo: "Na huyu je?" Nikamweleza tena. Mwisho nikawa nasimamisha, narudisha nyuma, natafsiri, naongeza na ya kwangu ili mambo yaende. Nilikuwa Lufufu wa watu wawili.

Wahusika wanachanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng, mara nyingine ndani ya sentensi moja. Sisemi ni kosa. Nairobi inaongea hivyo, na mwandishi angewapa Kiswahili cha darasani angekuwa anadanganya, sisi wasomaji wa riwaya ndio tungekuwa wa kwanza kumcheka. Hata Dar siku hizi tunachanganya, hasa ukivuka Sinza kuelekea Mikocheni. Lakini kila nilichotazama, maandishi ya chini ya skrini yalikuwa ya Kiingereza. Yanamsaidia asiyejua Kiswahili. Asiyejua Kiingereza hakuwekewa chochote, na huyo ndiye jirani yangu, ndiye fundi wangu wa cherehani, ndiye mama mdogo. Jamani, Azam wanatuonyesha Osman wa Waturuki akizungumza Kiswahili kilichonyooka. Mturuki wa karne ya 13 anaeleweka Mbagala kuliko mpelelezi wa Nairobi tunayepakana naye! Kuna mtu alikaa chini akaamua kuwa Osman anahitaji kutafsiriwa na Makena hahitaji, kwa kuwa Makena ni Mwafrika Mashariki mwenzetu. Dhana hiyo ndiyo inayonikera, maana inanihesabu mimi kama mtu ambaye tayari ameshahudumiwa.

*Single Kiasi* sikukaa nayo sana. Wanawake watatu wa Nairobi, mapenzi na ndoa zilizovunjika, imetoholewa kutoka *Unmarried* ya Afrika Kusini. Inapendeza macho, mavazi mazuri, na mama mdogo aliielewa bila mimi, kwani usaliti hauhitaji mkalimani. Lakini nilihisi nasoma riwaya iliyobadilishwa majina ya mitaa.

*County 49* ndiyo iliyonishika. Imetoka 2022, na Likarion Wainaina, yule wa *Supa Modo*, ni mmoja wa walio nyuma yake. Kenya ina kaunti 47. Hawa wamebuni yao, wakaipa jina, Bwatele, wakaipa na gavana, kisha gavana akatekwa. Wasomaji wa fasihi tunaijua mbinu hiyo ya kubuni mji au nchi ili useme ya nchi yako bila kushikwa shati. Katika tamthilia inafanya kazi vizuri zaidi ya nilivyodhani. Nchi halisi ingewabana waandishi; Bwatele inawapa nafasi ya kuonyesha ofisi ya umma inavyofanya kazi mkubwa wake asipokuwepo, nani anasogea kwenye kiti, nani anapiga simu kwa nani. Ningekuwa nauza Showmax mlango kwa mlango, ningeingia na hii.

Lakini mtu anayelipia kila mwezi hanunui tamthilia moja. Ananunua ahadi kwamba mwezi ujao kutakuwa na kitu chake. Katika zote nilizozitazama kwa miezi mitatu, hakuna iliyosimama Dar es Salaam. Na wanaoimiliki wanaijua Dar vizuri. Hao hao MultiChoice ndio wenye Maisha Magic Bongo, na humo ndimo ilimoonyeshwa *Jua Kali* ya Leah Mwendamseke, Lamata, ambayo hapa mtaani ikianza hata ugomvi wa bomba la maji unaahirishwa. Kwa hiyo hadithi za Dar wanazilipia, ila wamezipa umbo la tamthilia ndefu ya king'amuzi, inayokwenda na kwenda. Umbo la hadithi fupi yenye kona kali na mwisho wake, lile linalotunzwa na kuonyeshwa nje, katika nilizoziona mimi limekwenda Nairobi. Mimi natamani tupewe vyote viwili.

Wala si kwamba hatuna cha kutengeneza. *Siri ya Mtungi* ya 2012, iliyopigwa Bagamoyo, ilionyesha zamani kwamba tunaweza kuandika kwa utulivu. Amil Shivji aliichukua *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi akaifanya filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, na watu wakaongea Kiswahili cha Unguja mwanzo mwisho bila aibu. Na Musiba? Willy Gamba ana riwaya za kutosha misimu mitano, viwanja vya ndege, hoteli, wasaliti, kila kitu kimeshaandikwa. Anayehitajika ni mtu wa kwenda kununua haki.

Kwa hiyo ushauri wangu wakati huo, kwa aliye na bando la kubana kama mimi, ulikuwa huu: usilipie mfululizo. Lipia mwezi mmoja, maliza *County 49*, kisha sehemu kadhaa za *Crime and Justice*, toka. Kama mnatazama zaidi ya mmoja, ongezeni hela mchukue kifurushi cha skrini kubwa, au msichukue kabisa. Hadithi ya simu imetengenezwa kwa mtu mmoja mwenye spika za masikioni, na nyumba nyingi za huku hazina mtu wa namna hiyo baada ya saa mbili usiku.

Mwezi wa nne sikulipa. Nilidhani yamekwisha, hadi juzi mama mdogo, anachambua mchicha, akaniuliza bila kuinua macho: "Baba, hivi yule gavana alipatikana?"

Nikakumbuka kwamba usiku ule nilisinzia nikiwa katikati ya kutafsiri, na kesho yake tukaruka kwenda nyingine. Nimelipia tena. Siku thelathini, kwa ajili ya gavana mmoja.