Mgeni Akiitwa Wetu

Shabiki mzee wa spidwei akianza kukusimulia mambo ya zamani, hataanza na nani alishinda. Ataanza na harufu. Pikipiki za mchezo huu hunywa methanoli, na kwa miaka mingi injini zake zililainishwa kwa mafuta yaliyotokana na nyonyo, yale yale ambayo wengi wetu tulipakwa kichwani tukiwa wadogo. Yakiungua hutoa harufu tamu na nzito. Nimesoma kumbukumbu nyingi za mashabiki wa Uingereza, na karibu zote zina hiyo harufu pale mwanzoni, kama insha za shule ya msingi zilivyokuwa lazima zianze na jua likichomoza. Ukiishia hapo utadhani ni wazee tu wanalilia ujana wao. Mimi nadhani kuna kitu kikubwa zaidi, na pia kuna vitu wanavyokwepa.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Spidwei ni pikipiki nne, mizunguko minne, kwenye uwanja wa umbo la yai uliomwagwa mchanga wa mawe. Injini ni ya 500cc, gia ni moja, na breki hakuna. Ndiyo, hakuna kabisa. Wakifika kwenye kona wanaacha gurudumu la nyuma liteleze, mpini unaangalia kulia huku pikipiki yenyewe inakata kushoto. Mshindi anapata alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anarudi mikono mitupu. Yote yanaisha kwa kama dakika moja. Mse wa boda akiona hivyo atakwambia hao watu wamelogwa.

Sasa kuna Waskandinavia. Ove Fundin kutoka Uswidi alikuwa bingwa wa dunia mara tano, 1956, 1960, 1961, 1963 na 1967, na kwa miaka mingi alivaa rangi za Norwich. Ole Olsen wa Denmark alichukua ubingwa 1971, 1975 na 1978. Alijengewa jina Wolverhampton, kisha akawa wa Coventry. Halafu kuna miaka ambayo hata mimi nikiitazama kwenye orodha nashangaa: kuanzia 1984 hadi 1989 taji la dunia lilishikwa na watu wawili tu. Erik Gundersen alilichukua 1984, 1985 na 1988, naye Hans Nielsen akalichukua 1986, 1987 na 1989. Wote ni Wadenmark, na wote kazi yao ya kila wiki ilikuwa Uingereza. Gundersen alikuwa Cradley Heath, mji mdogo wa viwanda karibu na Birmingham. Nielsen alikuwa Oxford.

Hapa ndipo kumbukumbu hizi zinapata thamani yake. Shabiki wa Cradley Heath hasemi "Gundersen wa Denmark". Anasema "Erik wetu". Hakuna aliyemuuliza Erik pasipoti. Uwetu wake ulitokana na kuja kila wiki, kwenye mvua ya Uingereza, na kukimbilia mji ambao hakuzaliwa. Linganisha na sisi. Wazee wetu wanamjua Björn Waldegård, Mswidi aliyeshinda Safari Rally 1977, 1984, 1986 na 1990. Wanamtaja kwa heshima, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita "wetu". Alikuja na Pasaka, akapita kwa vumbi, akaenda. Wa spidwei alibaki. Katika nchi ambayo mjadala wa wageni haujawahi kukosa watu wenye hasira, wazee hawa, bila kujigamba, wanatuachia ushahidi kwamba mgeni anaweza kuwa mtu wa nyumbani na mji usipotee.

Jambo la pili ninalowapa sifa ni kalamu. Kwenye spidwei shabiki hununua kijitabu cha programu, na baada ya kila mbio anajaza matokeo kwa mkono. Kwa hivyo kumbukumbu zao zina risiti. Mtu akisema jioni fulani Nielsen alishinda mbio zake zote, mwenzake anafungua sanduku chini ya kitanda na kumbishia kwa maandishi. Sisi tunaosimulia michezo yetu kwa kuongeza chumvi tu tungefaidika na tabia hiyo.

Lakini nina malalamiko. La kwanza ni hii stori ya barafu. Mskandinavia kwenye simulizi hizi ni mtu mtulivu, hana presha, damu yake ni baridi kama nchi aliyotoka. Ni sifa, sawa, lakini ni sifa inayomfunga mtu mdomo. Hakuna anayejiuliza huyo kijana wa Denmark alikula nini Jumapili jioni, peke yake, lugha ya watu bado inamchenga. Na hata ukweli wenyewe unakataa: waliomwona Fundin wanakumbuka mtu aliyechukia kushindwa na hakuficha. Barafu gani hiyo?

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1985 fainali ya dunia ilifanyika Odsal, Bradford. Watu watatu walimaliza na alama sawa: Gundersen, Nielsen na Mmarekani Sam Ermolenko. Wakarudi uwanjani kukata mzizi wa fitina, na Gundersen akashinda. Mashabiki wanaweza kukusimulia mbio hiyo mita kwa mita. Miaka minne baadaye, Septemba 1989, uwanja ule ule, fainali ya timu za dunia. Kona ya kwanza ya mbio ya kwanza, wote wanne wakaanguka. Gundersen aliumia vibaya sana, karibu afe. Aliishi, akajifunza kutembea upya, lakini hakushindana tena. Mmoja wa walioanguka naye alikuwa Simon Cross, akiivalia Uingereza siku hiyo, ambaye kwenye ligi alikuwa mwenzake wa Cradley Heath.

Kwenye simulizi nyingi tukio hili linapewa sentensi moja: siku nyeusi. Kisha tunaambiwa Uingereza ilitwaa kombe, na stori inaendelea. Vivyo hivyo kwa Per Jonsson, Mswidi wa Reading, bingwa wa 1990. Tunaelezwa alivyokuwa mzuri kutazamwa. Ajali ya Poland ya 1994 iliyomwacha kwenye kiti cha magurudumu inapitwa mbio mbio. Naelewa ni uchungu. Lakini huwezi kuniambia kwa fahari kwamba pikipiki hazina breki, kisha ukanyamaza tunapofika kwa mwili uliolipia. Ilikuwa kazi, na malipo yake yalifuata mbio ulizoanza na alama ulizopata. Ukimwita mtu wetu, basi hata mifupa yake ni yako.

La tatu ni kuhusu mwisho. Uwanja wa Norwich ulifungwa 1964, nyumba zikajengwa. Dudley Wood ya Cradley Heath ikaenda baada ya msimu wa 1995, nyumba tena. Coventry walikimbia Brandon mara ya mwisho 2016, Wolverhampton wakaaga Monmore Green 2023. Kwa msomaji wa Nairobi, ambaye ameona viwanja vya kuchezea vikimezwa na maghorofa, hasira yao haihitaji tafsiri. Ila kumpata adui mwenye tingatinga ni rahisi. Kigumu ni kukiri kwamba kabla uwanja haujaondoka, mgeni mwenyewe alikuwa ameshaanza kuhama. Ligi ya Poland ikawa na pesa zaidi, na ndege zikamwezesha mtu kukimbia nchi tatu kwa wiki moja. Mji wa Uingereza ukageuka kituo cha kupitia. Hilo simulizi nyingi hazitaki kulitazama, kwa sababu hakuna wa kumlaani.

Oxford ilirudisha spidwei 2022, kwa hivyo kuna watoto walioanza kujaza programu zao. Ningependa waandike vizuri kuliko babu zao: harufu iwepo, alama ziwepo, na wamuulize mwendeshaji anaishi wapi. Na kabla wazee hawajaisha, kuna kumbukumbu moja naisubiri, ya shabiki wa Cradley Heath aliyekuwa Odsal ile siku ya 1989, bendera ya Uingereza mkononi, akiangalia Cross na Gundersen wote wako chini. Aniambie alimtazama nani kwanza.