Mzigo Ambao Opera Mini Iliuacha Njiani

Mwaka 2006, kampuni ya Opera ya Norway ilipoisambaza Opera Mini duniani kote, simu nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa za kubofya, zenye kioo kidogo na kumbukumbu isiyotosha kubeba ukurasa mzima wa gazeti la mtandaoni. Hata hivyo ukurasa ulifunguka, tena kwa programu iliyokuwa ndogo kuliko picha moja inayopigwa na simu ya leo. Namna kazi ile ilivyofanyika inafaa kuchambuliwa upya, kwa sababu ndani yake mna ushahidi ambao wajenzi wa tovuti wengi hawautazami: sehemu kubwa ya uzito wa ukurasa hutokana na uamuzi wa aliyeujenga, na msomaji wala hakuiomba.

Ujanja wenyewe ulikuwa kuhamisha kazi. Kivinjari cha kawaida kikipewa anwani hupakua faili la maandishi, hulisoma, hugundua kwamba zipo picha, fonti na misimbo ya kufuata, kisha hurudi tena na tena kuziomba. Kwa Opera Mini, simu ilituma ombi moja tu kwa seva za Opera. Seva ndiyo iliyokwenda kwenye tovuti, ikakusanya kila kitu, ikaendesha Javaskripti kwa muda mfupi, ikaupanga ukurasa utoshe kioo chembamba, ikazikondesha picha na kufunga vyote katika kifurushi kimoja kilichobanwa. Simu ilibakiwa na kuchora tu. Opera ilitangaza kwamba data hupungua kwa hadi asilimia 90, na hata tukiondoa chumvi ya matangazo ya biashara, mwenye vocha aliiona tofauti kwenye salio. Faida ya pili haitajwi sana. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ya pwani yetu ilitegemea sana satelaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 36,000. Ombi hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka: kilomita 144,000, yaani karibu nusu sekunde hata pasipo na foleni. Ukurasa wenye makumi ya faili ulidai safari kama hizo mfululizo. Opera Mini ilizifanya upande wa pili, kati ya seva na seva, na kupitisha angani kifurushi kimoja.

Ipo hoja kwamba hayo yamepitwa na wakati: mikongo imefika, 4G ipo, simu janja zimeshuka bei. Ni kweli kwa kasi, lakini kasi si bei. Anayenunua bando hulipia megabaiti, na megabaiti isiyo na kazi huliwa kwa bei ileile ya yenye kazi. Tena Javaskripti hugharimu mara mbili, kwanza inapopakuliwa, kisha inapochambuliwa na kuendeshwa na kichakato cha simu. Mkongo hauwezi kuipunguza gharama hiyo ya pili. Simu ya bei ya chini yenye kichakato dhaifu itakwama hata ikiwa chini ya mnara.

Hoja nzito zaidi ni ya usiri, na hapa sina utetezi. Ili seva iupange ukurasa, lazima iusome. Mawasiliano yaliyofungwa kwa usimbaji fiche yalifunguliwa njiani na kufungwa upya, kwa hiyo mtu aliyeingia kwenye akaunti yake ya benki alikuwa akimwamini mtu wa tatu bila kujua. Na baadhi ya kurasa zilifika zimevunjika: menyu isiyofunguka, fomu isiyotumwa, kwa kuwa mashine ilikisia lipi ni la muhimu. Lakini kasoro hizi haziufanyi uzito kuwa wa lazima. Zinaonyesha kwamba kupunguza kulifanywa na mtu asiyestahili, mahali pasipostahili. Mjenzi hahitaji kukisia, maana anajua kama menyu ile ina kazi.

Tuchukue kosa lililozoeleka kuliko yote. Picha ya simu yenye nukta 4,000 kwa 3,000 ina nukta milioni 12. Ikionyeshwa kwenye kioo chenye upana wa nukta 720, zinazotumika ni chini ya 400,000. Mpakuaji amelipia takriban mara 30 ya anachokiona. WordPress imekuwa ikitoa nakala za ukubwa tofauti na kukiachia kivinjari kichague tangu toleo la 4.4 la Desemba 2015, kwa hiyo mtu angedhani tatizo limekwisha. Sivyo. Picha ikiwekwa kama mandharinyuma, mtindo unaopendwa sana na violezo vyenye picha zinazojibadilisha zenyewe juu ya ukurasa wa mwanzo, utaratibu huo hauigusi, na faili kubwa hushuka hata kwenye kioo kidogo. (Picha hizo zinazojibadilisha, kwa maoni yangu, huwafurahisha wakurugenzi kuliko wasomaji.)

Watasema mteja ndiye anayedai mapambo, na mjenzi anafuata ulaji wake. Inawezekana. Ila mteja huonyeshwa tovuti kwenye kompyuta mpakato, kwa Wi-Fi ya ofisi, na hapo kila kitu ni chepesi. Vivinjari vingi vya kompyuta vina kitufe cha kuigiza mtandao wa polepole, ndani ya zana za wajenzi. Mkutano wa kukabidhi kazi ukifanyika kitufe hicho kimebonyezwa, au kwa simu ya mhudumu wa mapokezi yenye bando la saa 24, mazungumzo kuhusu mapambo yatachukua mkondo mwingine kabla picha ya pili haijatokea.